Karatasi ya Chanjo na Dhamiri Yetu



Jumapili moja baada ya Misa, tulipokuwa tumeketi chini ya mwembe na kikundi cha vijana hapa Kamatanda, kijana mmoja alituuliza swali ambalo lilinyamazisha mkutano. Alisema: “Mwalimu, mtoto wa dada yangu alichanjwa chanjo zote, na bado alikohoa hadi tukampeleka hospitali. Mtoto wa jirani hakuchanjwa hata moja, na anacheza mpira. Sasa chanjo inafaa nini?” Baadhi ya wenzake walicheka. Wengine walitutazama, wakingojea tumkaripie. Hatukumkaripia. Swali lile lilikuwa la haki, na mtu anayeuliza swali la haki hustahili jibu lililofikiriwa, si makofi ya maneno.

Tumelichukua swali hilo nyumbani, tukalitafakari kwa majuma kadhaa, na leo tunaleta jibu letu. Sisi si waganga. Sisi ni makatekista, na kwa miaka mingi kazi yetu imekuwa kuwafunza wale watakaofunza wengine. Lakini tunadhani kwamba jambo hili haliwahusu waganga peke yao. Ninyi mnaosoma ukurasa huu mtakuwa baba na mama kabla ya miaka mingi kupita. Wengine tayari mnabeba wadogo zenu mgongoni. Karatasi ya chanjo itafika mikononi mwenu, na ni heri mjue inasema nini.

Tuanze na lile la msingi. Magonjwa ya watoto hayaletwi na adui mmoja. Mengine huletwa na virusi, kama surua na polio. Mengine huletwa na bakteria, na ndiyo tunayotaka kuyasema leo: pepopunda, dondakoo, kifaduro, kifua kikuu, nimonia ya nimokoki, na homa ya uti wa mgongo. Kikohozi ni mlango ambao maadui wengi hupitia. Mtoto aliyechanjwa dhidi ya kifaduro anaweza kukohoa kwa sababu ya virusi vya mafua, kwa sababu ya vumbi la barabara zetu wakati wa kiangazi, au kwa sababu ya moshi wa makaa ndani ya nyumba. Chanjo haikuahidi kuzuia kila kikohozi. Iliahidi kuzuia adui fulani mwenye jina lake. Hapo ndipo swali la kijana wetu linapoanza kujibika: kabla ya kusema kwamba mlinzi amelala, ni lazima tujue aliajiriwa kulinda mlango gani.

Na mlinzi huyo hufanyaje kazi? Sisi walimu tunaelewa jambo hili kwa urahisi, maana mwili wa mtoto ni kama darasa. Chanjo huuonyesha mwili alama ya adui, bila adui mwenyewe mwenye nguvu. Katika pepopunda na dondakoo, kinachoua si bakteria yenyewe bali sumu inayotoa. Basi wataalamu huichukua sumu hiyo, huiondolea ukali, na kuufundisha mwili kuitambua. Katika kifaduro, mwili huonyeshwa bakteria iliyokufa au vipande vyake. Katika kifua kikuu, hupewa bakteria hai iliyodhoofishwa, ambayo Wafaransa wawili, Calmette na Guérin, waliilea kwa uvumilivu wa miaka 13 hadi ikapoteza ukali wake, na ikapewa mtoto wa kwanza huko Paris mwaka 1921. Chanjo hiyo bado ina herufi za majina yao: BCG.

Lakini kuna bakteria wajanja zaidi. Nimokoki, na ile iitwayo Hib, huvaa koti la sukari. Mwili wa mtu mzima hulitambua koti hilo. Mwili wa mtoto wa chini ya miaka miwili haulijali, kama vile mtoto wa chekechea asivyojali hesabu za sekondari. Ndiyo maana bakteria hizo huwaua hasa watoto wachanga. Katika miaka ya 1980 wataalamu walipata njia: waliifunga sukari ile pamoja na protini ambayo mwili wa mtoto unaitambua, na mtoto akajifunza yote mawili kwa pamoja. Kila mwalimu anaijua njia hiyo: unalifunga jambo geni na jambo linalojulikana, na mwanafunzi anashika.

Na kama darasani, somo moja halitoshi. Kwa nini mtoto wetu huitwa akiwa na majuma 6, kisha 10, kisha 14? Kwa sababu mara ya kwanza mwili husikia, mara ya pili hukumbuka, mara ya tatu hushika. Mama anayempeleka mtoto mara moja na kuacha amefanya kama mzazi anayemtoa mtoto shuleni mwezi wa kwanza, kisha anashangaa kwamba hajui kusoma. Chanjo ambayo mtoto hupewa katika majuma hayo, inayoitwa pentavala, ilianza kutumika nchini mwetu mwaka 2009. Ndani ya sindano moja hukinga magonjwa matano: dondakoo, pepopunda, kifaduro, Hib, na homa ya ini aina ya B, ambayo ni ya virusi. Tangu mwaka 2011 ikaanza kuongezwa chanjo ya nimokoki, inayokinga aina 13 za bakteria hiyo.

Mtatuuliza: je, yote hayo yameonekana kwa macho, au ni maneno ya vitabu? Yameonekana, na hayakuonekana Ulaya tu. Twendeni Kilifi, kwenye pwani ya Kenya, kwa watu wanaosema Kiswahili kama sisi. Huko wataalamu wamekuwa wakiwahesabu kwa miaka mingi watoto wote wanaolazwa hospitalini na kupima damu yao. Kenya iliingiza chanjo ya Hib mwishoni mwa mwaka 2001. Kabla yake, kila mwaka, kati ya watoto 100,000 wa chini ya miaka mitano, 66 walipatikana na ugonjwa mkali wa Hib. Kufikia miaka ya 2004 na 2005 idadi hiyo ilikuwa imeshuka chini ya 8. Kisha mwaka 2011 ikaingia chanjo ya nimokoki. Na katika miaka iliyofuata, ugonjwa mkali unaoletwa na zile aina za nimokoki zilizomo katika chanjo ulipungua kwa asilimia 92 kati ya watoto wa umri huo.

Lakini jambo lililotugusa zaidi katika habari za Kilifi ni hili. Ugonjwa huo ulipungua pia kwa wale ambao hawakuchanjwa: kwa watoto wachanga ambao hawajafikia umri wa sindano ya kwanza, na kwa watu wazima. Sababu ni rahisi. Nimokoki hukaa puani na kooni mwa watoto wenye afya, na kutoka hapo huruka kwenda kwa wengine. Mtoto aliyechanjwa haibebi kwa urahisi ile aina iliyo katika chanjo; basi hamwambukizi mdogo wake, wala bibi yake. Hapa ndugu yetu kijana apate sehemu ya pili ya jibu lake. Yule mtoto wa jirani ambaye hakuchanjwa na anacheza mpira, huenda anacheza kwa sababu watoto wengine wa mtaa walichanjwa. Amekaa chini ya paa ambalo wazazi wake hawakulijenga. Hatusemi hivyo kwa kumlaumu mtoto. Mtoto hana kosa. Tunasema kwa kuwakumbusha wakubwa kwamba paa hilo likitobolewa na wengi, mvua itanyesha juu ya wote.

Mifano mingine ipo. Katika nchi za ukanda ulioko kusini mwa Sahara, homa ya uti wa mgongo aina ya A ilikuwa ikirudi kila baada ya miaka michache kama moto wa nyika. Katika miaka ya 1996 na 1997 peke yake iliwapata watu zaidi ya 250,000 na kuwaua 25,000. Afrika ikaomba chanjo ambayo nchi maskini zingeweza kuinunua, na ikatengenezwa huko India kwa bei isiyofika nusu ya dola kwa kila dozi. Burkina Faso ilianza kuwachanja watu wake mwezi wa Desemba mwaka 2010, nchi nyingine zikafuata, na yetu pia katika majimbo yaliyo hatarini. Tangu mwaka 2017 hakuna mgonjwa wa aina hiyo ya A aliyethibitishwa katika ukanda huo.

Na pepopunda ya watoto wachanga? Wazee wetu waliijua vizuri. Mtoto anazaliwa mzima, ananyonya siku mbili tatu, kisha kinywa kinakaza, hanyonyi tena, mwili unapinda kama upinde, na kabla ya majuma mawili kupita amezikwa. Watu walisema ni uchawi, wakamtafuta mchawi, mara nyingi wakampata bibi kizee fulani asiye na mtetezi. Kumbe ilikuwa bakteria ya udongoni iliyoingia kwa wembe au uzi uliokata na kufunga kitovu. Mwaka 1988 ilikadiriwa kwamba pepopunda iliua watoto wachanga 787,000 duniani. Mwaka 2018 makadirio yalikuwa 25,000. Mwaka 2019 nchi yetu, Kongo, iliwekwa kati ya nchi zilizofaulu kuushusha ugonjwa huo hadi usiwe tena tatizo la umma. Chanjo ya mama mjamzito na usafi wa kuzalishia ndivyo vilivyofanya kazi hiyo. Fikirini ni watoto wangapi walio hai leo, na ni bibi vizee wangapi ambao hawakusingiziwa.

Lakini hatutawadanganya. Mtu anayesifia kitu kupita kiasi humfanya msikilizaji aache kumwamini pale kasoro ya kwanza inapoonekana. Chanjo zina mipaka yake, na mipaka hiyo si sawa kwa zote.

BCG huwakinga vizuri watoto wadogo dhidi ya kifua kikuu kinachoingia katika ubongo na kile kinachotapakaa mwilini. Lakini haimkingi sana mtu mzima dhidi ya kifua kikuu cha mapafu. Kwa hiyo mchimbaji anayekohoa majuma matatu asiseme, “Nina alama ya BCG mkononi.” Aende akapimwe makohozi. Chanjo ya kifaduro hupungua nguvu baada ya miaka kadhaa. Kijana mkubwa anaweza kuugua kidogo na kumletea ugonjwa mdogo wake aliye mchanga. Chanjo ya pepopunda humkinga yule aliyechanjwa tu, wala haimwezeshi jirani, kwa kuwa pepopunda haitoki kwa mtu kwenda kwa mtu. Hutoka udongoni, na udongo wa Kamatanda hauchanjwi. Na ile chanjo ya homa ya uti wa mgongo aina ya A haikingi aina nyingine: mwaka 2021, huko Banalia katika jimbo la Tshopo, ilizuka homa ya uti wa mgongo aina ya W, ikawapata watu zaidi ya 2,000 na kuwaua wapatao 200, hadi ilipoletwa chanjo inayokinga aina hiyo pia.

Mipaka hii inatufundisha nini? Wengine husema: “Kama haikingi yote, iachwe.” Sisi tunasema kinyume. Mwenye nyumba ambaye mlango wake wa mbele una kufuli nzuri na dirisha la nyuma halina, haondoi kufuli ya mlango ili mambo yawe sawa. Huenda kutafuta kufuli ya dirisha.

Wapo pia wanaosema kwamba siku hizi kuna dawa za antibiotiki, basi tuache watoto waugue kisha tuwatibu. Neno hili tumelisikia hata kutoka kwa watu waliosoma. Tuwajibu kwa upole. Homa ya uti wa mgongo ya bakteria inaweza kuua kwa siku moja au mbili, na wengi wanaopona hubaki na ulemavu: mmoja kati ya watano hivi. Mnawajua katika mitaa yetu watoto waliokuwa wakisikia, kisha wakapata homa kali, na leo hawasikii. Dawa iliokoa uhai, haikurudisha masikio. Katika pepopunda, antibiotiki haiiondoi sumu iliyokwisha kushika mishipa ya fahamu. Tena dawa zenyewe zinachoka, kwa kuwa tunazinunua vidonge viwili viwili sokoni, tunaacha kumeza homa inaposhuka, na bakteria zinazobaki hujifunza kuzishinda. Kila ugonjwa ambao chanjo imeuzuia ni dozi ya antibiotiki ambayo haikutumika, na usugu ambao haukuzaliwa. Hatimaye kuna mfuko wa mzazi. Chanjo ya mtoto ni bure kwa sheria ya mpango wa nchi. Kulazwa hospitalini si bure. Mnajua jinsi baba anavyouza baiskeli, kisha redio, kisha shamba.

Tunajua pia kinachotokea watu wanapoacha. Huko Japani, katikati ya miaka ya 1970, watoto wawili walikufa baada ya kuchanjwa, hofu ikaenea, na chanjo ya kifaduro ikasimamishwa kwa muda. Watoto waliochanjwa wakashuka kutoka karibu asilimia 80 hadi karibu asilimia 10 kwa miaka michache tu. Mwaka 1979 kifaduro kiliwapata watu zaidi ya 13,000, na 41 wakafa. Katika nchi zilizokuwa za Muungano wa Kisovieti, miaka ya 1990, utaratibu wa afya ulipovunjika na watu wakaacha kuchanja, dondakoo ilirudi: wagonjwa zaidi ya 150,000, vifo zaidi ya 5,000. Haya hayakutokea katika nchi zisizo na hospitali. Bakteria haikuondoka duniani. Ilingoja tu mlango uachwe wazi.

Sasa tufike kwenye neno ambalo huzungumzwa kwa sauti ya chini, hasa kati ya wasichana: kwamba sindano ya pepopunda hufanya wanawake wagumba. Neno hili lina historia, na sisi Wakatoliki hatuna ruhusa ya kujifanya hatuijui. Mwaka 2014 Maaskofu Katoliki wa Kenya walitangaza wasiwasi wao juu ya kampeni ya chanjo ya pepopunda iliyowalenga wanawake wenye umri wa kuzaa. Walisema kwamba vipimo walivyovifanya vilionyesha katika baadhi ya chupa homoni inayoweza kuzuia mimba. Serikali ya Kenya, pamoja na Shirika la Afya Ulimwenguni na UNICEF, walijibu kwamba chanjo ni salama, na kwamba vyombo vilivyotumika ni vya kupima damu na mkojo wa binadamu, si chanjo. Uchunguzi wa pamoja uliofuata haukumaliza ubishi. Maaskofu wenyewe walisema wazi kwamba hawapingi chanjo kwa ujumla.

Sisi tunaamini nini? Tunaamini kwamba kuuliza si dhambi, na kwamba mchungaji anayeona jambo la kutia shaka ana wajibu wa kulisema. Lakini tunaamini pia kwamba swali likishaulizwa ni lazima liruhusiwe kujibiwa. Na jibu moja liko mbele ya macho yetu, wala halihitaji maabara. Mama zetu wa Kongo wamechomwa sindano ya pepopunda katika kila mimba kwa miaka mingi. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2013 na 2014 ulionyesha kwamba mwanamke wa Kongo huzaa kwa wastani watoto 6.6. Kama sindano hiyo ilikusudiwa kutufanya wagumba, ndugu vijana, basi imeshindwa vibaya. Nendeni mkahesabu watoto waliojaa katekisimu ya Jumamosi. Neno lililosemwa juu ya kampeni moja, katika nchi moja, limesafiri mdomo kwa mdomo hadi likawa hadithi juu ya kila sindano, na hadithi hiyo haiulizi tena: inatisha tu.

Wengine huuliza kama kuna chanjo zilizotengenezwa kwa njia isiyokubaliana na heshima ya uhai wa mtoto aliye tumboni. Swali hilo Kanisa limelijadili kwa uzito, na kwa baadhi ya chanjo za virusi lina msingi wake. Lakini chanjo za bakteria hazioteshwi katika chembe za mwili wa binadamu. Bakteria huoteshwa katika chakula chake yenyewe. Basi mtu asitumie swali lile kukataa pentavala, wala BCG, wala chanjo ya nimokoki.

Turudi nyumbani. Uchunguzi huo huo wa mwaka 2013 na 2014 ulionyesha kwamba kati ya watoto wa Kongo wenye miezi 12 hadi 23, ni asilimia 45 tu waliokuwa wamepata chanjo zote za msingi. Na kati ya watoto 1,000 waliozaliwa, 104 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2018 serikali ilianzisha mpango wa dharura uliopewa jina la Profesa Mashako, ili kuinua chanjo. Tunaushukuru. Lakini tusidhani kwamba wazazi wote wasiochanja watoto ni wabishi. Wengi wao walikwenda, wakarudishwa.

Tumemshuhudia mama mmoja wa mtaa wetu. Alitoka nyumbani alfajiri, mtoto mgongoni, akaacha meza yake ya mihogo sokoni. Kituoni aliambiwa: “Rudi juma lijalo, watoto hawajatosha.” Juma lililofuata akaambiwa karatasi zimekwisha, anunue daftari. Mara ya tatu hakwenda. Tulipomuuliza hakusema anaogopa sindano. Alisema: “Mwalimu, kila siku ninayorudishwa, watoto wangu wanalala bila kula.” Tungemjibu nini? Baadaye tulielezwa sababu ya neno lile la kwanza. Chupa ya BCG ina dozi nyingi, na ikishafunguliwa ni lazima itumike ndani ya saa sita, kisha imwagwe. Muuguzi anaogopa kuifungua kwa ajili ya mtoto mmoja. Hofu yake inaeleweka. Lakini mtoto huyo mmoja ndiye anayepotea. Sisi tunaona ni heri dozi zimwagwe kuliko mama arudishwe asirudi tena. Au basi, watoto wapangwe mapema ili chupa ikifunguliwa wawepo.

Kuna pia shida ya baridi. Chanjo hizi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Joto huziharibu, na jambo ambalo wengi hawalijui, pentavala na ile ya nimokoki huharibiwa pia zikiganda kuwa barafu. Sisi tunaokaa juu ya shaba, ambayo dunia nzima hutengenezea nyaya za umeme, tena si mbali na mabwawa ya Mwadingusha na Koni, tunaweza kukaa usiku mzima gizani, na jokofu la kituo likizimika hakuna anayejua kwa hakika kama dawa ya kesho bado ina nguvu. Hilo tuwadai wakubwa wetu bila kuogopa: jokofu la nguvu za jua katika kila kituo si anasa.

Lakini kabla ya kuwadai wakubwa, tujidai wenyewe. Tunawaomba vijana wa kila kikundi mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi.

La kwanza: jueni watoto wa mashirika yenu ya mtaani. Andikeni katika daftari moja watoto waliozaliwa mwaka huu, na majuma ambayo kila mmoja anapaswa kupelekwa. Mkifika kwa muuguzi na majina ya watoto 15 wa siku moja, hatasema tena kwamba watoto hawajatosha.

La pili: msindikizeni mama siku ya kupima mtoto, ile ambayo wote tunaiita siku ya kilo. Binti mmoja akikaa kwenye meza ya mihogo kwa asubuhi moja, mtoto mmoja atakamilisha chanjo zake. Na ninyi wavulana msiseme kwamba hiyo ni kazi ya wanawake. Katika mtaa wenye wachimbaji wengi, baba anayehama kutoka mgodi hadi mgodi na familia yake huacha karatasi nyuma. Mkumbusheni aibebe, kama anavyobeba kitambulisho chake.

La tatu: msimwaibishe mtu. Mama asiyechanja mtoto hashindwi kwa kuitwa mjinga mbele ya shirika. Muulizeni ni nini kilichomzuia, kisha msikilize hadi mwisho. Mara nyingi mtakuta si fikra iliyomzuia bali njia. Na kama ni hofu, mwambieni ukweli wote: kwamba mtoto anaweza kupata homa usiku ule, mkono ukavimba kidogo, akalia, na kwamba ni nadra sana kupata madhara makubwa. Mama aliyeonywa juu ya homa ya usiku hatashtuka homa ikija. Aliyeahidiwa kwamba hakutakuwa na kitu ndiye asiyerudi mara ya pili.

La nne: msirushe kwenye simu maneno ambayo hamwezi kuyatetea mbele ya mwenye ujuzi. Sauti isiyo na jina inayosema “wanataka kutumaliza” haina uso wa kuuliza wala mlango wa kugonga. Muuguzi wa mtaa ana uso na ana mlango. Mgongeeni.

Kwa yule kijana aliyetuuliza chini ya mwembe, jibu letu kwa ufupi ni hili. Mtoto wa dada yako alikohoa, akapelekwa hospitali, akarudi nyumbani. Hatujui alikohozwa na nini, wala wewe hujui. Lakini tunayajua majina ya magonjwa ambayo amefundishwa kuyapinga, na tunajua kwamba magonjwa hayo yamejaza makaburi ya watoto wasiofundishwa. Makaburi ya watoto ni mafupi, na nyasi huyafunika upesi. Ndiyo maana watu husahau. Nenda umuulize bibi yako alizaa wangapi na alizika wangapi. Kisha mwombe dada yako akuonyeshe karatasi ya mtoto, na uangalie kama majuma yote matatu yametiwa alama. Kama moja limekosekana, bado hujachelewa. Kesho asubuhi mnaweza kwenda pamoja.